Jumamosi Tatu za Mama Nyaya

Wasikilizaji wapendwa, mlango uligongwa mara mbili, na hakuna aliyesema karibu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka tisa iliyopita. Watu saba walikuwa wameketi kwenye mabenchi ndani ya chumba ambacho zamani watu walioka mikate humo. Tanuri lilikuwa bado lipo ukutani, limejaa kibodi za kompyuta mbovu. Watu hao saba walikuwa wanabishana kuhusu kodi ya chumba, na sauti zilikuwa zimeshapanda. Ndiyo maana hakuna aliyesikia hodi. Mlango ukasukumwa. Akaingia mama wa miaka sitini na ushei, mkoba begani, raba miguuni, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi wa shaba.

"Samahani, wanangu," alisema. "Nimepita hapo nje nikasikia feni yenu inalia. Beringi ya nyuma imekwisha. Mkiiacha hivyo wiki mbili, mota itaungua."

Wakatazamana. Mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, zahanati ni mtaa wa pili, mkono wa kushoto."

"Zahanati ya nini? Mimi mzima. Anayeumwa ni huyo hapo juu."

Feni ikashushwa, ikafunguliwa. Beringi ya nyuma ilikuwa imekwisha. Beringi ya mbele ilikuwa nzima. Alikuwa ameisikia kutoka barabarani, wasikilizaji wapendwa, kupitia dirisha lililofungwa, na watu saba ndani wanagombana.

Huyo ndiye Mama Nyaya. Mama Nyaya amefariki dunia Jumatano iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Nyaya, fundi wa miaka mingi wa mitambo ya simu na mwanachama wa Karakana, hatunaye tena. Moyo wake ulichoka. Leo Jumapili tunamkumbuka.

Pengine hujawahi kufika Karakana. Nikueleze. Ni chumba kimoja kirefu na stoo ndogo nyuma yake. Mna meza sita, kompyuta zilizounganishwa kutoka kwenye mabaki ya kompyuta nyingine, chuma cha kulehemu kwenye kila meza, na mashine moja inayochapa vipuri vya plastiki polepole sana. Hapana bosi. Hapana anayelipwa mshahara. Wanachama wanachanga kila mwezi, kila mmoja kadiri alivyoahidi mwenyewe, na mchango huo ndio unaolipa kodi, umeme na intaneti. Ukileta pasi mbovu, hawakutengenezei. Wanakukalisha, wanakupa bisibisi, wanakuonyesha namna ya kuitengeneza wewe mwenyewe. Ukija na wazo la programu ya kompyuta, watu watatu wanavuta viti wanakaa nawe.

Na uamuzi wote unafanywa na wote. Hawahesabu kura nyingi na kura chache. Jambo likisemwa, anayelikataa anaweka kiganja chake mezani. Kiganja kimoja tu, jambo linasimama.

Basi siku ile ya feni, yule mama akasema, "Napapenda hapa. Niwe mwenzenu?"

Watu sita walikaa kimya kwa kukubali. Mmoja akaweka kiganja mezani. Huyo alikuwa mwenyekiti, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wote wanamwita Cheche.

Nilizungumza na Mzee Cheche juzi. Hakujificha. "Nilimwuliza ana cheti gani," alisema. "Akajibu hana. Nikamwuliza ufundi kausomea wapi. Akasema, 'Kwenye ufagio.' Nikadhani ananidhihaki. Nikaweka kiganja. Kumbe alikuwa ananiambia kweli tupu."

Naye mama hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Cheche, akamwambia maneno ambayo leo yamebandikwa ukutani pale.

"Unanijua?"

"Sikujui, ndiyo maana nimekataa."

"Haya. Kaa na mimi Jumamosi tatu tufanye kazi meza moja. Ukishanijua, unikatae vizuri."

Walikaa. Jumamosi ya kwanza, anasema Cheche, alikaa kwa kununa. Ya tatu alichelewa dakika tano, akajikuta anaomba radhi mlangoni kama mtoto wa shule. Kiganja chake kilikuwa kimeondoka mezani siku nyingi. Ndipo wakaandika kanuni kwenye kitabu chao. Nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Anayemkataa mtu atakaa naye kazini Jumamosi tatu mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Akikosa hata moja, pingamizi lake limeanguka."

Kanuni hiyo imetumika mara kumi na moja katika miaka tisa. Mara nane kiganja kiliondolewa. Mara tatu mtu alikataliwa kweli. Mmoja alikuwa anaondoka na betri mfukoni, na aliyemkataa aliweza kusema zilikuwa betri ngapi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma. Ufagio ulikuwa ufagio gani?

Mama Nyaya aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa kufagia jengo la mitambo ya simu. Kazi yake ilikuwa sakafu, madirisha na vyoo. Lakini chumba kikubwa cha mitambo kilikuwa na kabati ndefu za chuma, na ndani ya kabati nyaya nyembamba kama nywele, jozi mia sita, kila jozi na rangi zake. Alifagia pale kwa miaka kumi na moja. Kwa miaka kumi na moja alisikiliza. Mitambo ile ilikuwa inagonga, tik tik tik, kila mtu anapopiga simu. Akaanza kutambua mlio wa ugonjwa na mlio wa afya.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, aliniambia hivi: "Mama alikuwa anawaambia mafundi, 'Kabati la nne, chini, kuna kitu kimelegea.' Wanamwambia, 'Dada, wewe fagia.' Baada ya saa moja simu za mtaa mzima zinakatika. Wanafungua kabati la nne, chini."

Halafu yakaja mafuriko. Maji yaliingia chumba cha mitambo hadi magotini. Nyaya zote zikalowa. Vibandiko vya namba vikabanduka, vikaelea juu ya maji kama maganda ya vitunguu. Mafundi walisimama mlangoni wameshika viuno. Hakuna aliyejua tena waya upi unakwenda nyumba ipi.

Mfagiaji alijua.

Alivua viatu akaingia. Maji yalipopungua, alikwenda saluni ya jirani akaazima vikausha nywele vinne, na mwenye saluni alituambia kwamba siku hiyo wateja wake walirudi nyumbani na nywele zinachuruzika, tena bila kununa. Kwa siku tatu yule mama alikausha nyaya, akazishika moja moja, akazitaja. Hii ya hospitali. Hii ya shule. Hii ya yule bwana anayempigia mama yake kila asubuhi saa moja. Jozi mia sita, wasikilizaji wapendwa. Hakukuwa na karatasi. Alikosea mbili tu, na hizo mbili alizirekebisha mwenyewe kesho yake.

Nimeisikia habari hii kwa watu wanne tofauti. Wote wanataja jozi zile zile mia sita.

Baada ya hapo walimpa koleo na mkoba wa fundi. Cheti hawakumpa, kwa sababu hakuwa amesoma chuo. Alistaafu miaka mingi baadaye akiwa anawafundisha wenye vyeti, naye hana. Hakulalamika sana. Ila mwanawe anasema kuna jambo moja lililokuwa linamchoma. "Miaka kumi na moja," alikuwa anasema, "na hakuna hata mmoja aliyekaa na mimi nusu saa aone ninachojua."

Lishike hilo jambo moja, msikilizaji, kwa sababu ndilo lililomfanya afanye alichofanya mwezi huu.

Mwenye chumba cha Karakana amepandisha kodi. Michango haitoshi. Ametoa muda hadi mwisho wa mwezi huu: walipe au wahame. Wiki nne zilizopita ikaja kampuni moja ya vifaa vya umeme na neema yake. Itawalipia kodi miaka mitatu. Masharti ni mawili. La kwanza, ofisa wa kampuni awe mwanachama, mwenye kiganja kama wengine. La pili, kuanzia sasa asiingie mwanachama mpya asiye na cheti cha ufundi.

Huyo ofisa alikuja mwenyewe na karatasi. Kijana mtanashati, tai shingoni, kwenye chumba chenye vumbi la chuma. Walishampa jina kabla hajakaa: Bwana Tai.

Wanachama walikuwa wamechoka. Mmoja alisema, "Sharti la vyeti ni la wapya tu. Sisi tumeshaingia."

Mwenzake akamjibu, "Wewe nyamaza. Cheti chako pekee ni cha kuzaliwa."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kodi ni kodi. Hakuna aliyebisha zaidi. Mzee Cheche akauliza, "Tumpokee bwana huyu na karatasi yake?" Ukawa kimya, kimya cha kukubali. Kisha kiganja kimoja kikashuka mezani, taratibu, kwa sababu siku hizi kila kitu alikifanya taratibu.

Mama Nyaya.

"Mama," Bwana Tai alimwambia, "unanikataa mimi au unakataa hela?"

"Sijui bado, mwanangu. Ndiyo maana tutakaa."

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Jumamosi tatu ziliishia karibu kabisa na mwisho wa mwezi. Akikosa moja, pingamizi linaanguka na mlango unafungwa kwa kila mfagiaji anayejua kitu. Na daktari alikuwa ameshamwambia asitoke kitandani.

Binti yake alikasirika. Ananiruhusu niseme hivyo. "Mimi sikuwahi kuipenda ile Karakana," aliniambia. "Ilichukua Jumamosi zote za mama yangu. Nilimwambia, mama, wewe mgonjwa, waache watu wazima waamue mambo yao. Akaniambia, 'Mimi ndiye niliyesema watu wakae. Nisipokaa mimi, nani atakaa?'"

Jumamosi ya kwanza Mama Nyaya alikwenda kwa teksi, akafika saa tatu kasoro dakika tano. Walipangiwa kutengeneza kiti cha magurudumu cha umeme, cha fundi saa wa mtaa huo, ambacho kilikuwa kinakwenda upande mmoja tu. Fundi saa alikuwa akitaka kwenda mbele, kiti kinamzungusha. "Nimeliona duka langu pande zote nne," alituambia, "lakini kuingia siingii."

Bwana Tai alivua koti. Tai hakuivua. Hadi saa sita ilikuwa imeshaungua ncha kwa chuma cha kulehemu. Mama Nyaya akachukua mkasi, akaikata pale ilipoungua, akamrudishia kipande. "Sasa inakutosha kwa kazi," alisema.

Jumamosi ya pili hakuwa na nguvu ya kushika chuma. Alikaa tu na kuelekeza kwa kidole. Na hapo, anasema Mzee Cheche, palitokea jambo. Bwana Tai alikuwa ameinama kwenye mota ya kushoto. Mama akamwambia, "Funga macho. Sikiliza." Mota ikawashwa. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama. Mota tu."

"Tena."

Walirudia. Hakuna aliyehesabu mara ngapi. Chumba kizima kiliacha kazi. Kisha yule kijana akasema, macho yamefungwa bado, "Kuna mahali inakwaruza. Mara moja kila mzunguko."

"Upande gani?"

"Wa nje."

Mama Nyaya akafumba macho naye, akatabasamu. Walipofungua, upande wa nje palikuwa na kipande cha waya kisichozidi punje ya mchele. Mzee Cheche ana miaka thelathini kwenye vyuma. Aliniambia, "Nilikuwa nadhani lile sikio ni lake peke yake, kwamba kazaliwa nalo, atakwenda nalo. Kumbe lilikuwa linafundishika. Lilitaka tu mtu wa kukaa."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili. Jumatano iliyofuata, asubuhi, Mama Nyaya akafariki. Alizikwa Alhamisi.

Kwa binti yake, kwa shangazi na wajukuu, kwa mafundi wa simu wa zamani wanaotusikiliza, na kwa wanachama wa Karakana: poleni sana. Tunalia nanyi. Mungu awape subira na ampokee mama kwa wema.

Na kwa sisi wengine, naomba kila mmoja leo amkumbuke mtu mmoja aliyemkataa. Kazini, shuleni, au kwenye familia. Sisemi umkubali. Pengine ulikuwa na haki. Nauliza tu kama ulikaa naye.

Lakini sijamaliza, wasikilizaji wapendwa. Imebaki Jumamosi ya tatu. Jumamosi ya tatu ilikuwa jana.

Jana saa tatu kasorobo nilikuwa Karakana. Wanachama wote walikuwapo, na hakuna aliyewasha mashine. Mzee Cheche alifungua kitabu mbele yao. "Kanuni ni kanuni," alisema. "Aliyekataa hayupo. Ikifika saa tatu, pingamizi limeanguka."

Bwana Tai alikuwa ameshakaa kwenye meza yake, na kile kiti cha magurudumu kiko mbele yake. Angeweza kubaki nyumbani akangoja simu ya pongezi. Alikuwa ameshakaa.

Saa tatu kasoro dakika mbili, binti akaingia.

Alikuwa na nguo za msiba. Nyumbani ndugu walikuwa bado wamejaa. Shangazi yake alikuwa amemkemea mlangoni, "Mama yako ana siku mbili kaburini, wewe unakwenda kufungua mashine?" Na kazini, kwa kuwa likizo yake ya msiba ilikuwa imeisha Ijumaa, alikuwa amembembeleza mwenzake ampokelee zamu ya Jumamosi hiyo moja. Mwenzake alikubali kwa masharti: yeye achukue zamu zake za usiku wiki nzima. Usiku saba kwa saa sita za kukaa kwenye benchi. Alikubali.

"Jumanne mama aliniomba kitu kimoja," aliwaambia. "Alisema, 'Jumamosi nikishindwa kuamka, nenda ukakae badala yangu. Mpaka saa tisa.' Nikamwambia nitakaa. Nilidhani namtuliza tu."

Mwanachama mmoja akasema polepole, "Kitabu kinasema aliyekataa. Hakisemi mwanawe."

Bwana Tai akasema, "Mimi ndiye niliyekataliwa. Kama mimi naridhika akae, nyinyi mnalalamikia nini?"

Hakuna kiganja kilichoshuka.

Binti akakaa. Hajui kulehemu. Alishika tochi. Alipokea skrubu, akazipanga kwa ukubwa kwenye kifuniko cha chupa, kama anavyopanga sindano wodini. Kijana alimweleza kila alichofanya, naye aliuliza. Saa nane mchana fundi saa alikalishwa kwenye kiti chake. Kikakwenda mbele. Alivuka chumba chote hadi kwenye tanuri, akageuza mwenyewe, akarudi.

Saa tisa kasorobo Mzee Cheche alimwuliza binti, "Mama alisemaje? Kiganja kinabaki au kinaondoka?"

"Hakusema," alijibu. "Aliniambia nikae tu."

Basi Bwana Tai akaichukua karatasi ya kampuni, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Alisema atairudisha ofisini na kuwaambia kwamba kwa kazi aliyojifunza Jumamosi hizi tatu, hata yeye hana cheti. Alisema anajua hela pengine hazitakuja. Kisha akaomba uanachama kwa jina lake mwenyewe, na mchango wake wa kila mwezi. Akapokelewa. Kodi ya mwisho wa mwezi bado haijapatikana. Siwezi kuwadanganya, haijapatikana.

Watu wakasimama, wakaanza kukusanya vifaa, wengine wanafuta machozi. Mmoja akamwambia binti, "Dada, imekwisha. Nenda nyumbani ukapumzike, usiku una zamu."

Aliangalia saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

"Bado," alisema. Akakaa.